Paka wa Mzee wa Nyumba Kumi

Mzee wa Nyumba Kumi hakukubali mtu ale kabla yake. Hata kwenye matanga, mahali watu husukumana hadi sufuria inayumba, yeye alisimama kando, akakohoa, na foleni ikajipanga yenyewe: wazee mbele, kisha wanaume wenye nyumba, kisha akina mama, na watoto huko nyuma wakimeza mate. Kichwa cha samaki kilikuwa chake. Ukimpa mkia ulikuwa umemtukana, na kesi ya matusi aliisikiliza yeye mwenyewe.

Jina lake sitalitaja. Huku Obunga, mtaa wetu wa mabati hapa Kisumu, hatukulitumia, na nadhani hata yeye alikuwa amelisahau kidogo. Siku ya kujiandikisha kupiga kura, karani alimwuliza jina, akajibu, "Mzee wa Nyumba Kumi." Karani akaandika, kisha akauliza la baba.

Kazi yenyewe haina mshahara. Ni kuzijua nyumba zako kumi: nani amehamia, nani anapiga mke, nani anapika chang'aa nyuma ya choo, kisha kumpelekea chifu habari. Wenzake waliifanya kwa simu. Yeye aliifanya kwa filimbi na koti zito la kijivu, koti ambalo alilivaa hata jua la Januari likichoma mabati mpaka yanalia. Jasho lilimtiririka shingoni. Ukimwambia avue, alikuangalia kana kwamba umemwambia avue suruali.

Mimi nakaanga mgongo wazi. Viwanda vikishatoa minofu ya wale samaki wakubwa wa ziwani, mbuta, ile mifupa na vichwa hutufikia sisi akina mama wa Obunga, tunakaanga, na watu wanakula wanashiba. Kibanda changu kilipakana na ua wake, ukuta wetu ulikuwa mabati tu yenye matundu. Moshi wangu uliingia kwake na maneno yake yaliingia kwangu, kwa miaka mingi. Kwetu ni Uyoma, upande wa Luanda Kotieno, kwa hiyo aliniita Nyar Uyoma, binti wa Uyoma. Akikasirika aliniita Mama Moshi.

Alikuwa na tabia moja iliyonikera mpaka leo nikiikumbuka natafuta kitu cha kubamiza. Ukimpa shauri, alilikataa hapo hapo. Kisha alikaa nalo, akalilalia, na asubuhi moja ukasikia filimbi. Nilimwambia pale bombani watu wanateleza, tuweke jiwe kubwa. Akasema, "Nyar Uyoma, wewe endelea na samaki. Hii maneno ya maji ina wenyewe." Jumamosi ikafika, filimbi ikalia, watu wakatoka na mitungi. "Watu yangu," akasema, mkono kifuani, "nimefikiria sana. Nimeamua jiwe." Watu wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga, mjinga mimi.

Alichukia kelele, na hakuna kilichotusumbua mtaani kama filimbi yake. Alipiga marufuku kuku kuzurura, na jogoo wake alilala juu ya meza yangu. Ukimwuliza, alisema yule si wa kuzurura, yuko doria.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kumnyamazisha. Mkewe alikuwa mfupi, mnene, mwenye kicheko cha kumwamsha mtoto nyumba ya tatu. Sote tulimwita Mama. Alimwita mumewe Askari, mbele za watu, na Mzee alijifanya hasikii.

Sasa nije kwa paka, maana ndio nilioanza kuandika habari zao.

Alikuwa nao wanne, na aliwapanga kama boma la Mjaluo wa zamani. Dume kubwa lenye sikio lililochanika liliitwa Chifu. Jike mzee zaidi alikuwa Mikayi, jina la mke wa kwanza. Wa pili Nyachira, kama mke wa pili anavyoitwa. Wa mwisho akawa Reru, mke wa tatu. Yeye mwenyewe alikuwa na mke mmoja, na huyo mmoja alimzidi nguvu, lakini paka wake waliishi kwa heshima za mababu. Mchungaji alimwambia si vizuri mzee wa kanisa kufuga boma la wake wengi, hata kama ni la paka. Mzee akamjibu, "Mchungaji, hawa hawajabatizwa."

Huyo Reru aliletwa na Mama. Alikwenda sokoni Awasi kununua nyanya, akarudi na paka mdogo ndani ya kikapu, amelala juu ya nyanya zenyewe. Mzee akasimama mlangoni. "Hapa hakuna nafasi ya paka mwingine."

"Basi wewe hama," Mama akasema, akapita.

Saa ya kuwalisha ilikuwa mchana. Nilimpitishia mabaki kwenye tundu la bati, vipande ambavyo havijaingia mafutani. Alikaa kwenye kigoda, filimbi shingoni, akagawa. Kichwa kwa Chifu. Chifu akishiba na kujilamba, Mikayi aliitwa, kisha Nyachira, kisha Reru. Aliyeruka zamu aligongwa pua kwa filimbi. Nimeona harusi zisizo na utaratibu kama ule. Tatizo ni kwamba paka hawa walizaa, na watoto wao walikuwa mwisho wa foleni. Kwa watoto kulibaki nini? Harufu.

"Mtoto akila kabla ya mkubwa," alisema, "anakuwa mwizi."

"Mtoto asipokula kabisa anakuwa nini?"

"Mama Moshi, samaki yako inaungua."

Watoto wa Nyachira walikwisha mmoja baada ya mwingine. Niliona kwa macho yangu jinsi walivyokwisha. Maziwa ya mama yao yalipoanza kupungua walikuja kwenye sahani, Chifu akawakemea, wakarudi nyuma, wakakaa wanatazama. Mzee hakuona njaa. Aliona jicho baya. Alituita wote uani, akatuuliza ni nani aliyewatazama paka wake wakila. Yawa! Ua mzima ulikuwa unawatazama kila mchana, ilikuwa ndiyo sinema yetu. Kesi ikaahirishwa kwa kukosa ushahidi, na mimi nikapewa onyo kwa sababu ya macho yangu makubwa.

Kisha Mama akafa. Aliugua kifua, tukadhani ni baridi ya masika, na kabla hatujaelewa tulikuwa tunaimba. Sitaandika mengi hapo. Mzee alisimama kaburini na koti lake, hakulia, lakini siku ile ya matanga hakukohoa kando ya sufuria. Foleni ilivurugika, watoto wakala kwanza, na yeye hakula kabisa.

Jiko la Mama lilikuwa chumba cha peke yake uani, cha udongo na bati. Lilifungwa. Mzee hakuwa na la kufanya humo hata Mama alipokuwa hai, maana mwanaume wa rika lake haingii jikoni, akiingia wenzake watamtungia wimbo. Mke wa mwanawe, aliyeishi upande wa pili wa barabara, akawa analeta chakula kwenye hotipoti. Na Reru akahamia kwenye dirisha la jiko lile, analala hapo siku nzima anamngoja mwenye kile kikapu cha nyanya. Hapo nyuma ya jiko, ndani ya toroli bovu, akazaa watoto watatu.

Walikuwa wamefungua macho na kuanza kutembea kama walevi tuktuk ilipompiga Reru barabarani. Mzee alimzika mwenyewe pembeni mwa ua, na koti mwilini. Kisha akaja kibandani kwangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, maana mimi ndiye niliyezoea kuitwa kwake. Alisimama akatazama mafuta yanavyochemka.

"Nyar Uyoma," akasema, "hao watatu ndio wamebaki mkono wa Mama. Hao wakiisha, Mama ameisha."

Mimi nina mdomo, kila mtu Obunga anajua. Siku hiyo nilifuta kigoda tu, nikamsogezea.

Alianza vibaya, kama tunavyoanza wote. Alinunua maziwa ya ng'ombe, mazito, mazuri, akawajazia sahani. Watoto wakanywa, na kufikia jioni toroli lilikuwa halisogeleki. Nikamwambia maziwa yale yanawaharisha. Akasema maziwa hayajawahi kumdhuru mtoto tangu dunia iumbwe. Asubuhi yake akamtia mmoja mfukoni mwa koti, akaenda naye duka la dawa za mifugo, akarudi amenuna.

"Kijana anasema niache maziwa," akasema. "Niwape samaki ya kuchemsha, imetolewa miiba, ipondwe na supu yake, bila chumvi. Na yai. Kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, na maji safi kando."

"Si vizuri?"

"Anasema pia hawa watoto wale kwanza, peke yao, wakubwa wasiwe karibu." Akaketi. "Huyo kijana alizaliwa na nani?"

Nikampa samaki. Nikampondea mwenyewe siku ya kwanza. Akaiweka sahani uani, akasimama mbele ya paka wakubwa, na mimi kwa tundu la bati nikasikia baraza lenyewe. Aliwaeleza Chifu, Mikayi na Nyachira kwamba hawa ni yatima, na yatima ni wa boma zima. Akawataka waonyeshe utu uzima. Chifu akamsikiliza kwa makini mpaka mwisho, kisha akaenda akala sahani yote.

Nikamletea tenga. Kwetu vifaranga hulishwa chini ya tenga lililoinuliwa kwa mawe, wao wanapita chini na kuku mkubwa anabaki nje anapiga kelele. Tukaliinua kiasi cha mtoto wa paka kupita. Chifu akalizunguka, akaingiza mkono mrefu kama wa mkopeshaji, akaivuta sahani nje. Tukaliteremsha kidogo. Akapanda juu akalala, tenga likabonyea, watoto wakatoka mbio. Mikayi, bibi mwenye heshima zake, naye alikuwa amekwisha jifunza kulipindua kwa kichwa.

Na wakati wote huo yule aliyekuwa mdogo zaidi, jike wa rangi ya majivu, alikuwa anapungua. Shingo ikawa kama uzi. Ukimweka chini alikaa pale pale ulipomweka. Mchana mmoja nilichungulia nikaona sahani kati ya Chifu na watoto, na Mzee juu ya kigoda, filimbi mkononi, hajui ampigie nani. Nikaacha karai motoni nikaingia ua wake bila hodi.

"Mzee!" nikasema. Hapana, nilipiga kelele, wacha niseme ukweli. "Utaratibu wako utauzika pamoja na huyu! Kwani wewe ulipokuwa mtoto ulikula kwenye mkeka wa babu yako? Ulikula wapi?"

Akaishusha filimbi.

"Ulikula kwa nyanya, kwa bibi yako! Sote tulikula kwa nyanya, kwenye nyumba yake, mlango umefungwa, na hakuna mwanaume aliyejua tumekula nini wala saa ngapi. Hiyo si mila? Hao watoto nyanya yao ni nani hapa?"

Akaangalia jiko la Mama, kisha akaniangalia mimi. "Mama Moshi," akasema polepole, "rudi kwa samaki yako." Nikarudi. Samaki walikuwa wameungua wote, na nililia, sijui nilimlilia nani.

Kesho yake filimbi ililia alfajiri. Tukatoka na leso vichwani. Mzee alisimama mbele ya jiko la Mama, kufuli mkononi, mlango wazi nyuma yake.

"Watu yangu. Nimefikiria sana. Kwa mila yetu, mtoto anakula kwa nyanya. Nimeamua hii ni nyumba ya nyanya." Akainua kufuli. "Mtu akitaka kutunga wimbo, atunge sasa, nimsikie."

Hakuna aliyethubutu.

Ee bwana, kumsikia mzee yule jikoni! Mwanaume aliyejua siri za nyumba kumi hakujua moto wa makaa huwashwa vipi. Sauti ilipenya mabati: "Nyar Uyoma! Hii kitu inaanza na moto ama inaanza na makaa?" Baadaye: "Nyar Uyoma! Maji imekauka, samaki imeshika sufuria, hiyo ni dalili ya nini?" Alitoa miiba akiwa amevaa miwani, mmoja mmoja, akiipanga pembeni kama vielelezo vya kesi. Alionja akalalamika haina chumvi. Nikamwambia si yako. Akaonja tena.

Na kwa Chifu je? Hapo ndipo nilipomvulia kofia. Wakubwa aliwawekea chakula chao uani, upande wa pili kabisa, kila mmoja na sahani yake, dakika ile ile aliyowawekea watoto jikoni. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema nani alikula kwanza. Heshima ya Chifu ikabaki nzima, na Chifu, akiwa na kichwa chake cha samaki, hakuwa na haja ya kufikiria jikoni. Alifikiria alipomaliza. Mlango wa jiko haukuwa na komeo, na kufuli lenye kutu lilikataa kufunga tena, kwa hiyo Mzee alikaa chini, kwenye vumbi, na koti lake, akaegemeza mgongo mlangoni mpaka watoto wamalize. Alifanya hivyo asubuhi, mchana, alasiri na jioni.

Kesi zikahamia hapo, zingeenda wapi? Namkumbuka fundi mmoja wa baiskeli aliyeshtakiwa na mkewe kwamba anakula nyama hotelini kila siku, nyumbani watoto wanalamba sukuma wiki. Fundi alijitetea vizuri. Alisema yeye ndiye mkubwa, yeye ndiye anayefanya kazi, na kila mtu alijua Mzee anaamuaje mambo ya ukubwa. Mzee alikuwa amefumba macho, mgongo mlangoni. Nyuma yake ilisikika ile sauti ya watoto wa paka wakila, ile ya kula huku wananguruma, kana kwamba dunia inataka kuwapokonya.

"Watoto kwanza," Mzee akasema.

Fundi akaduwaa. "Mzee, tangu lini?"

"Tangu nilipoamua."

Yule wa majivu alipona. Siku aliyomkwaruza Mzee mkono kwa kugombea yai, Mzee alizunguka nyumba zote kumi akionyesha jeraha. Alimwita Awasi, kwa jina la soko alikotoka mama yake. Wenzake wawili walipokuwa wakubwa, mmoja alikuja kwangu kulinda samaki, na ndiye mwizi mkubwa ninayemjua, kwa hiyo ule msemo wa Mzee labda ulikuwa na ukweli. Mwingine alikwenda kwa Mchungaji. Sijasikia kama alibatizwa.

Mwanawe alipata kazi Mbita, akahama na mkewe, na mwishowe wakamchukua Mzee. Aliondoka na koti, filimbi, na Awasi ndani ya kile kikapu cha nyanya.

Juzi nilikwenda kumwona mama yangu, na kwa kuwa Luanda Kotieno iko hapo, nikapanda feri nikavuka hadi Mbita. Nilimkuta sebuleni, mdogo, koti limemzidi. Meno yamekwisha. Daktari amemkataza chumvi. Wajukuu walikuwa wamerudi kutoka shule, vijana warefu, na chakula kilipoletwa mezani waliinama wote pamoja kama Chifu. Nikangoja Mzee akohoe. Hakukohoa. Mke wa mwanawe alimshika mkono taratibu, akampeleka chumbani kwake, akaniambia nami niingie nimwone akila.

Akamwekea sahani ndogo mapajani. Samaki wa kuchemsha, ametolewa miiba yote, amepondwa na supu yake. Kando yai, na kikombe cha maji. Akasema atamletea kingine alasiri, akatoka. Mwanamke yule ndiye aliyeleta hotipoti uani miezi ile yote, na kila alipofika alimkuta Mzee chini mlangoni. Hakuhitaji kuambiwa kitu.

Mzee akachukua kijiko. Akaonja. "Haina chumvi," akasema.

"Najua, Mzee."

"Nyar Uyoma, hii chakula naifahamu."

"Wewe mwenyewe ndiye uliyeamua."

Akacheka mpaka akakohoa, na kile kikohozi, kama angekitoa sebuleni, wale vijana wangejipanga foleni. Akafuta macho. Kisha mlango ukasukumwa kidogo, na kichwa cha paka wa majivu kikatokea, kikubwa, kinene, macho kwenye sahani. Mzee akaikinga sahani kwa mikono yote miwili.

"Huyo ameshakula," akasema. "Huyo ni mkubwa sasa. Usimwachie."

Nikamtoa Awasi nje kwa mguu, polepole, nikafunga. Komeo halikuwepo. Basi nikakaa chini sakafuni, nikaegemeza mgongo mlangoni, na paka akakwaruza nyuma yangu mpaka Mzee akamaliza kula.